Mguu wa Kushoto wa Mwende

Ninyi akina mama wa kanisani mmeniuliza Jumapili nne mfululizo, na mara zote nimewajibu, "Tulienda, tukarudi." Hilo si jibu, najua. Syombua aliniambia usoni kwamba siku hizi najifanya. Basi nimechukua daftari la zamani la Mwende, lile lililobaki kurasa nyuma, na naandika. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo anayetaka kucheka mwandiko acheke, lakini asome mpaka mwisho. Mambo ya kadi za hospitali na makaratasi siyaandiki. Hayo aliyafanya Mwende mwenyewe huku mguu ukimuuma. Naandika niliyoyaona na niliyoyafanya. Hasa niliyoyafanya.

Zombe, siku nne kabla ya kuondoka

Mwende mnamjua, lakini daftari hili linaweza kusomwa na mtu mwingine, kwa hivyo naanza mwanzo. Ni mtoto wa binti yangu Kasyoka, ambaye alikufa Mwende akiwa na miaka minne. Nimemlea mimi. Amesoma akawa mwalimu wa watoto wadogo, na mimi sioni haya kusema kwamba ni mimi niliyemfikisha hapo, na mikono hii.

Mikono hii Zombe nzima inaijua. Aliyeteguka huletwa kwangu. Mama ambaye mtoto amelala vibaya tumboni huletwa kwangu, na namgeuza mtoto polepole mpaka kichwa kinaangalia chini. Hata mke wa pasta alikuja. Alipitia mlango wa nyuma, lakini alikuja.

Mwende alikuwa na mimba ya miezi saba. Mwanamume alikwenda Mombasa, na simu yake ikawa ya kuzimwa. Mimi sikulia. Nilisema vizuri, mtoto ni wetu. Na mtoto asiye na upande wa baba hupata jina kutoka upande wetu. Akiwa msichana, siku ya tatu angeitwa Kasyoka. Ningekuwa na Kasyoka tena nyumbani, wa kumwita nje na kumgombeza. Nilikuwa nimeshaanza kuliita jina hilo peke yangu nikichuma ndengu shambani.

Mguu wa kushoto ulianza kuvimba Jumatatu. Wa kulia ulikuwa mguu wake wa siku zote, mwembamba. Wa kushoto ulikuwa kama wa kuazima kwa mtu mwingine: mnene kuanzia paja, ngozi inang'aa, una joto, na rangi inaelekea zambarau. Mwende akasema, "Susu, twende zahanati."

Susu ndivyo tunavyoitwa sisi bibi kwetu. Nikamwambia, "Zahanati watakupa tembe za maumivu na kukwambia ulale. Mtoto amelalia mshipa, na baridi imeingia. Lala hapo."

Nikachemsha maji ya chumvi. Nikamkanda na kitambaa cha moto, kisha mafuta, kuanzia kisigino kwenda juu. Mimi hukanda kwenda juu siku zote. Uvimbe unausukuma utoke ulipokaa. Asubuhi na jioni, siku nne. Aliuma leso. Nikamwambia nilimzaa Kasyoka bila kelele na yeye asinipigie kelele za mguu.

Ijumaa hakuweza kuukanyagia.

Zombe hadi Kitui mjini

Tulifika Kitui saa nne asubuhi na tukaketi kwenye benchi la hospitali mpaka saa tisa. Njaa ilinikamata. Pembeni yangu alikaa mama mmoja Mwislamu kutoka Mwingi, Mama Halima, ambaye alikuwa na mume mgonjwa wa figo. Alifungua kikopo chake, akatupa mahamri na chai ya tangawizi bila kuuliza sisi ni nani.

"Bibi, wewe ni mkunga?" akaniuliza.

"Umejuaje?"

"Unamshika mtoto wako kama mtu anayenunua mbuzi."

Tulicheka. Ndicho kicheko cha mwisho cha safari, kwa hivyo nakiandika.

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu ya usingizi. Alipima miguu yote miwili kwa utepe wa fundi cherehani. Akamlaza Mwende kwenye skani, ile ya kupaka maji mazito na kupitisha kifaa juu ya ngozi, akatafuta kuanzia gotini mpaka kwenye kinena. Alitafuta muda mrefu, akibonyeza, na uso ukizidi kukunjamana.

"Paja ni safi," akasema. "Lakini mguu huu si wa paja safi. Nafikiri damu imeganda kwenye mshipa mkubwa wa ndani, huku juu, ndani ya nyonga. Mashine hii haifiki huko. Mtoto na matumbo vinaziba."

"Basi tumbo lipigwe picha," nikasema.

"Ile mashine ya miale sitaki kuitumia, kwa sababu ya mtoto. Anahitaji MRI. Hiyo inatumia sumaku, haina miale." Akatutajia nyumba ya picha upande wa Makueni, kwenye barabara kuu ya Mombasa. Halafu akamgeukia Mwende. "Mguu huu umekandwa?"

Mimi nilikuwa nimefungua mdomo kusema ndiyo, na kwa majivuno. Mwende alinitangulia.

"Hapana, daktari."

"Vizuri. Usikandwe."

Alitaka kuendelea kusema, lakini muuguzi alifungua mlango na kumwita, kulikuwa na mtu aliyegongwa na pikipiki, na akaondoka mbio. Hakurudi kwetu. Mwende alidungwa sindano moja ya tumboni, tukalala wodini.

Nilimuuliza Mwende, "Kwa nini umeninyima sifa yangu?"

"Wangekugombeza, Susu. Mbele ya watu."

Na mimi, mnanijua. Nilikasirika, lakini si kwa sababu ya uongo. Nilisema moyoni: kijana huyu ananionea wivu wa kazi. Anazo mashine mbili na hajaona kitu, na mimi bila mashine nimeshika mguu huu siku nne. Ndivyo nilivyofikiri. Siwezi kuandika kingine.

Kitui kushuka Kibwezi, na Kambu ambako hatukuwa na kazi

Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mwingine, kwa hivyo tulienda na gari ya kukodi ya Musembi. Musembi ni mtu wa kwetu, mpole na msemaji, na huo ndio ubaya wake. Hawezi kumwambia mtu hapana. Tuliondoka alfajiri. Mwende alilala kiti cha nyuma, mguu mapajani mwangu. Mutomo ikapita, Ikutha ikapita, tukavuka mto, na nchi yote ilikuwa kavu, kijivu, mbuzi wamesimama tu.

Tulipofika Kibwezi kwenye barabara kuu, nyumba ya picha ilikuwa mkono wa kulia. Musembi akakata kushoto.

"Wewe, unakwenda wapi?"

"Mwaitu, mama yangu, usikasirike. Nina magunia mawili ya ndengu ya shemeji. Nayashusha Kambu, tunageuza. Ni hapo tu."

"Nina mgonjwa!"

"Ni hapo tu, mwaitu. Dakika kumi."

Shemeji hakuwepo. Simu ililia kwenye duka lililofungwa. Tulikuwa tukiisikia kutoka nje. Tulikaa Kambu saa moja na nusu kando ya barabara, malori yakitupiga vumbi. Nililaani ukoo wa Musembi mpaka kwa babu yake. Alikubali kila neno.

Mwende akasema mguu unawaka. Tulimshusha tukamkalisha kwenye mkeka wa mama mmoja muuza machungwa, kivulini mwa kibanda chake. Mama yule akatazama mguu akasema, "Uui! Huu unahitaji mtu wa kuukanda."

Nikasema, "Mtu yuko hapa."

Mwende akanishika mkono. "Susu, daktari alisema..."

"Daktari alisema paja ni safi. Aliona nini? Tulia."

Nikatoa chupa yangu ya mafuta kwenye kikapu. Nikakanda kutoka kisigino kwenda juu, kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa na hasira na Musembi na hasira ile ikaingia vidoleni. Wanawake wa vibanda wakakusanyika. Walisema, "Angalia vile anapita kwenye mshipa." Walisema, "Siku hizi hakuna tena wenye mikono kama hiyo." Muuza machungwa akaniomba nimkande na yeye shingo, nikamkanda, akanipa machungwa sita. Nilijiona malkia wa Kambu.

Nilipomgeukia Mwende alikuwa anashika kifua.

"Nini?"

"Pumzi. Haifiki chini."

"Ni vumbi," nikamwambia. "Na joto. Kula chungwa."

Alikula kipande kimoja. Alikohoa. Shemeji wa Musembi akatokea akiwa amenyolewa nywele vizuri, anatabasamu.

Nyumba ya picha

Ni nyumba nyeupe yenye mlango mnene kama wa ghala. Kijana anayeendesha mashine si Mkamba, aliniita shosho, yaani bibi. Alituuliza maswali mengi: mna chuma mwilini, mna risasi, meno ya bandia, saa? Sumaku yake haizimwi, akasema. Ukiingia na funguo zitaruka. Mwende alivuliwa hereni na pini za nywele. Chali alikuwa hawezi kulala, kwa hivyo walimlaza ubavu wa kushoto na mito.

Mwende akasema haingii bila mimi. Kijana akafikiri, akasema sawa, shosho naye asiwe na chuma. Nikatoa bangili ya shaba. Nikatoa shilingi zilizofungwa kwenye leso. Akaniuliza, "Kingine?" Nikasema hapana. Alinipitishia kifaa chake kidogo, nacho kikalia kiunoni. Ilikuwa pini tatu za sketi ya ndani. Mpira wake ulikatika mwaka jana. Nikazitoa mbele yake, basi, nifanyeje. Kwa hivyo niliingia kule nikiwa nimeshika sketi kwa mkono mmoja isinianguke.

Mashine ni duara kubwa jeupe lenye tundu. Mwende aliingizwa mpaka mapajani, miguu ikabaki nje. Kijana akatuziba masikio, lakini kabla ya kuziba langu la pili akasema:

"Shosho, unaweza kushika mguu wake, apate moyo. Ila shika tu. Usiukande."

Nikasema, "Ninyi nyote mna shida gani na kukanda?"

Hakunikasirikia. Alieleza kama anavyoelezwa mtoto. "Damu ikiganda kwenye mshipa, inakaa kama kipande cha uji mzito ndani ya mrija. Haijashikamana vizuri. Ukikanda, inakatika. Inapanda na damu mpaka kifuani, inaziba mapafu. Mtu anakosa pumzi. Anaweza kufa hapo hapo. Umeelewa?"

Akaniziba sikio. Akatoka. Mlango ukafungwa.

Halafu mashine ikaanza. Kelele yake siwezi kuifananisha na kitu kimoja. Ilikuwa kama mabati yanagongwa na watu wengi, kisha kama king'ora, kisha kimya, kisha tena. Ilikuwa dakika arobaini. Nilisimama na sketi mkono wa kulia na mguu wa Mwende mkono wa kushoto. Nilikuwa na maneno mdomoni na hakuna wa kumwambia. Nilipiga kelele mara moja. Hata mimi sikujisikia.

Nilihesabu. Jumatatu jioni. Jumanne asubuhi na jioni. Jumatano. Alhamisi. Kambu. Kisigino kwenda juu, kisigino kwenda juu. Mguu ulikuwa moto kiganjani mwangu na kidole gumba changu kilikuwa kinataka kusogea chenyewe, kwa mazoea, nami nilikikaza mpaka kikafa ganzi. Kupitia tundu niliangalia mbavu zake zinavyopanda. Zilipanda haraka mno, kama za kuku aliyekimbizwa.

Tulipotolewa, daktari wa picha, mama mdogo mwenye miwani, alinionyesha kwenye kioo chake. Sikutaka kuona, akasema ona. Nyonga ya Mwende ilikuwa nyeusi na kijivu, mtoto amejikunja hapo juu, kichwa chini, mzuri. Pembeni kulikuwa na kitu kinachong'aa, cheupe, kirefu kama kidole, kinapanda kutoka kinena kuelekea kitovuni.

"Hapa panapong'aa ndipo damu imeganda," akasema. "Daktari wa Kitui alikisia vizuri. Upande wa kulia mshipa uko wazi. Huu umeziba." Akasogeza picha, akasogea karibu. "Huku mwisho pamekatika ghafla." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama anajisemea. Kisha akaanza kuandika barua ya kurudi nayo Kitui.

Nikamwambia, "Usiandike."

Akainua macho.

"Mimi nimekanda mguu huo. Siku nne. Na leo, Kambu, nimekanda tena, kwa nguvu. Tangu hapo hapumui vizuri. Mwende alimdanganya daktari wa Kitui kwa ajili yangu. Mimi ndiye."

Nilidhani atanipiga. Angalau anitukane. Aliinuka, akaenda kwa Mwende, akambana kidole kwa kifaa kidogo chenye taa, akasoma namba, na akapiga kelele aletewe hewa. Watu wakakimbia. Gari la wagonjwa likaitwa. Alipopita karibu nami akanishika bega. "Ungenyamaza ningemrudisha Kitui kwa gari yenu," akasema. Sikujua kama ni sifa au ni nini. Mpaka leo sijui.

Salama

Hospitali kubwa ilikuwa mbele zaidi, ukipanda barabara kuu. Tulikwenda na king'ora, Mwende na mpira wa hewa puani, muuguzi mmoja na mimi. Pale Salama lori lilikuwa limelala barabarani na mzigo wa simenti. Malori mengine yamesimama nyuma yake, kilomita nzima. King'ora kikalia na hakuna aliyekuwa na mahali pa kusogea. Wauza mahindi ya kuchoma walikuja dirishani. Mmoja alichungulia, akamwona Mwende, akavua kofia.

Jua bado lilikuwa juu ya vilima. Mwende alikuwa na midomo ya kijivu.

"Susu," akasema. "Ametulia."

"Nani?"

"Mtoto. Tangu kule kwenye mashine. Nilidhani ni kelele zimemlaza."

Nilimwangalia muuguzi, akatazama chini, akatafuta kifaa chake. Mimi sikuhitaji kifaa. Mwende mwenyewe alichukua mkono wangu, akauweka tumboni.

Mnajua nimeshika matumbo mangapi. Mtoto aliye hai, hata akilala, anakujibu. Ukimsukuma kidogo anarudi, kama samaki chini ya maji. Huyu nilimsukuma akaenda. Hakurudi. Alikwenda tu pale nilipompeleka, akakaa.

Mikono yangu ilikuwa haijui ugonjwa wa Mwende siku nne, ikauchokoza mpaka ukapanda. Hili ililijua mara moja.

"Amelala?" Mwende akauliza.

Nikasema, "Wewe pumua. Fanya kazi hiyo moja."

Akafunga macho. Alikuwa amesikia jibu.

Lori liliondolewa baada ya saa nzima.

Kurudi

Mwende hakufa. Hilo ndilo mlilotaka kujua, nami ningeweza kuliandika mwanzoni, lakini sikupumua mimi kwa siku tisa, kwa hivyo ninyi mngoje kurasa chache. Madaktari walisema vipande viwili vilikuwa vimeingia kwenye mapafu, na cha tatu kingemaliza. Walimpa dawa ya kuzuia damu kuganda. Siku ya nne akazaa. Alikuwa msichana. Alikuwa na nywele nyingi, na paji la uso la binti yangu, mama yake Mwende, lile lenye mfupa. Nilimfunga mimi katika leso yangu. Kwetu jina ni la siku ya tatu, na huyu hakuwa na ya kwanza. Hakuitwa kitu. Wale wanaouliza kama nimemwita kimoyomoyo, msiniulize.

Musembi alikuja kutuchukua. Hakusema neno kutoka huko mpaka Zombe, na huyo ni Musembi. Pale njia panda ya Kibwezi aliwasha taa ya kukata kona mapema sana, mbali kabisa, ili nione anakata upande wa nyumbani.

Sasa Mwende anajidunga sindano mwenyewe tumboni kila siku. Anavaa soksi ndefu ya kubana. Mguu umepungua, ingawa si wa zamani. Hajawahi kunilaumu, na mimi simwombi anisamehe, kwa sababu najua atasema ndiyo haraka, kama alivyomjibu daktari wa Kitui, ili nisione aibu.

Mnauliza kwa nini sikandi tena. Wiki jana aliletwa binti wa Mutua, mjamzito, amechechemea kutoka sokoni. Niliweka mikono nyuma ya mgongo. Nikamuuliza, mguu mmoja au miwili? Akasema mmoja. Nikamwambia mama yake: nenda hospitali leo, si kesho, na asiguswe na mtu, na wakimuuliza kama umekandwa aseme kweli. Mama yake alinitazama kama nimeshikwa na kichaa. Akasema, "Si umguse tu kidogo?" Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Jana alasiri Mwende alikuwa amekaa kwenye kiti cha nje, mguu juu ya ndoo. Akaniita. Akasema unamuuma.

"Nikuletee tembe?"

"Hapana. Weka mkono, Susu. Usibonyeze. Weka tu."

Nikakaa chini. Nikaweka mkono juu ya soksi ile. Ulilala pale kama mkono wa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi. Tulikaa hivyo mpaka kuku walipoanza kuingia, na sikubonyeza.